Wingi wa Maji si Kasi ya Maji: Filta Katika Tangi Dogo la Beta

Usiku wa pili baada ya kufunga filta mpya katika tangi langu la lita 20, nilimkuta samaki wangu wa aina ya beta amejibana kati ya hita na kioo, mapezi ameyakunja kama mwavuli uliofungwa, mkia ukipiga polepole bila kumpeleka popote. Nilidhani ameugua. Nilipochomoa plagi ya filta ukutani alingoja kama nusu dakika, akatoka, akapanda juu kuvuta hewa, kisha akalizunguka tangi lote mara mbili kana kwamba ndiyo kwanza analiona. Hakuwa mgonjwa, alikuwa amechoka. Siku mbili nzima alikuwa akipambana na mkondo ambao mimi, nilipoingiza kidole, niliuona si kitu. Wahenga walisema maji ya kifuu bahari ya chungu. Muuzaji aliyeniuzia filta ile alikuwa ameisifu kwa maneno machache: "Hii ni kali, bosi, maji yatakuwa safi kabisa." Na kweli maji yalikuwa safi kabisa.

Tangu hapo nimewasikiliza wafugaji kadhaa wa beta hapa Nairobi, na wengi huangukia upande mmoja kati ya mbili. Kuna wanaoamini kwamba filta kubwa haidhuru, kwa kuwa kazi yake ni kusafisha. Na kuna waliomwona samaki wao akitaabika, wakang'oa filta moja kwa moja na kumwacha aishi katika maji yasiyotikisika, kwa hoja kwamba beta hapendi mkondo. Pande zote mbili zimechanganya vitu viwili tofauti. Kitu cha kwanza ni wingi wa maji yanayopita ndani ya filta kwa saa moja. Cha pili ni kasi ya maji yanapomfikia samaki. Kuna njia za kuubakiza wingi huku ukiivunja kasi, na makala haya yanahusu njia hizo.

Samaki mwenye kanzu ndefu

Beta wa madukani, ambaye jina lake la kisayansi ni Betta splendens alilopewa na Charles Tate Regan mwaka 1910, asili yake ni Thailand na maeneo jirani, na mwaka 2019 serikali ya Thailand ilimtangaza kuwa mnyama wa majini wa taifa. Huko huishi katika vinamasi, mifereji na mashamba ya mpunga. Aliyewahi kusimama kando ya jaruba la mpunga kule Mwea anajua maji ya namna hiyo yalivyo: hayana kina kirefu, yamejaa mabua, na yakisogea husogea taratibu kiasi kwamba jani lililoanguka asubuhi unaweza kulikuta karibu na palepale jioni. Hata hivyo, maji yaliyotulia si maji yaliyooza. Jaruba lina maji mengi mno kwa samaki mmoja, lina udongo na mimea inayonyonya uchafu, na mvua huliongezea maji mapya. Tangi la lita 20 halina hata kimoja kati ya hivyo, na ndiyo sababu hoja ya kung'oa filta kwa kuiga maumbile haina mashiko.

Tofauti nyingine hutajwa mara chache. Beta wa porini ana mapezi mafupi na huogelea vizuri tu. Dume tunayemnunua amezalishwa kwa vizazi vingi ili awe na mapezi marefu ya kupendeza, na mapezi hayo yakikutana na mkondo huwa kama kanzu ndefu kwa mtu anayevuka mto: nguo hubeba maji kuliko mwili. Kwa hiyo jike, au dume wa mapezi mafupi ambaye wafugaji humwita plakati, anaweza kustahimili mkondo ambao utamchosha ndugu yake mwenye mkia wa nusu mwezi. Ukisoma ushauri wa mtu kuhusu filta yake, uliza kwanza samaki wake ana mapezi ya aina gani.

Pamoja na matamvua, beta ana kiungo cha ziada chenye mikunjo mingi kichwani, kilicho juu ya matamvua hayo, ambacho humwezesha kupumua hewa ya kawaida. Kila baada ya muda hupanda juu, hufungua kinywa, huvuta funda la hewa na kurudi chini. Filta nyingi humwaga maji juu kabisa, kwenye uso wa maji. Maana yake ni kwamba katika tangi lenye mkondo mkali, samaki analazimika kupita mahali penye nguvu kuliko pote kila anapotaka kupumua, na dume anayejenga kiota chake cha povu hapohapo juu hukiona kikisambaratika kabla hakijakamilika.

Filta inafanya kazi gani hasa

Wengi hudhani filta ni chujio kama la chai, linalonasa vipande vya uchafu. Hiyo ni sehemu ndogo ya kazi yake. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na chakula kilichobaki kikioza huongeza amonia zaidi. Amonia ni sumu. Bakteria wa jamii ya Nitrosomonas huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha bakteria wengine kama Nitrospira huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia hadi utakapobadilisha sehemu ya maji. Bakteria hawa hawaelei ovyo majini. Hujishika kwenye sponji, changarawe na vioo, na katika tangi jipya huchukua takriban wiki 4 hadi 6 kuongezeka kiasi cha kutosha. Wanachohitaji kutoka kwa mkondo ni vitu viwili tu: wafikishiwe amonia, na wafikishiwe oksijeni.

Swali basi ni hili: samaki mmoja mwenye uzito wa gramu chache anahitaji maji yazungushwe kiasi gani? Kanuni inayonukuliwa mara nyingi husema maji yote ya tangi yapite kwenye filta mara 4 au 5 kwa saa, na kwa lita 20 hiyo ni lita 80 hadi 100. Kanuni hiyo imezoeleka kwa matangi yenye samaki wengi. Beta anayeishi peke yake na kulishwa punje chache kwa siku ataridhika na pungufu ya hapo, mradi sponji iwe kubwa na imeshakomaa. Tatizo ni kwamba pampu ndogo zinazopatikana kwa urahisi huandikwa lita 200 kwa saa au zaidi. Kiwango hicho cha kwenye boksi hupimwa pampu ikiwa tupu, bila sponji na bila kupandisha maji juu, kwa hiyo nyumbani hupungua. Lakini hata kikipungua bado kinazidi mahitaji.

Hesabu ya tundu

Hapa naomba uvumilivu wa msomaji, kwa sababu hesabu ni fupi na ikishaeleweka mengine yote huja yenyewe. Tuchukue pampu inayosukuma kweli lita 200 kwa saa. Kwa sekunde moja hiyo ni takriban sentimita 56 za ujazo, kiasi cha vijiko vinne vya kulia chakula hivi. Maji hayo yakitokea kwenye tundu lenye kipenyo cha sentimita 1, ambalo eneo lake halifiki hata sentimita mraba 0.8, hayana budi kutoka kwa kasi ya takriban sentimita 70 kwa sekunde ili yote yapite. Mkondo kama huo hupungua kadiri unavyokwenda, kwa kuwa huyavuta maji ya pembeni na kupanuka, lakini katika tangi lenye urefu wa sentimita 40 utakuwa bado na kama sentimita 10 kwa sekunde unapogonga kioo cha upande wa pili. Beta mzima ana urefu wa sentimita 6 au 7 pamoja na mkia. Kwa hiyo hakuna pembe iliyo kwenye njia ya mkondo huo anayoweza kukaa bila kuogelea.

Sasa maji yaleyale, kwa wingi uleule, yapitishe kwenye kipande cha sponji chenye umbo la mche, kipenyo sentimita 4 na urefu sentimita 6, kilichovikwa kwenye mdomo wa pampu. Ubavu wa sponji hiyo una eneo la takriban sentimita mraba 75. Gawanya 56 kwa 75 na utapata kasi isiyofika sentimita 1 kwa sekunde. Hujapunguza umeme, hujanunua pampu nyingine, na bakteria bado wanapelekewa maji yao. Ulichofanya ni kuyapa maji mlango mpana. Kwa kweli yatapungua kidogo, kwa kuwa sponji huyazuia, ila upungufu huo katika tangi la beta ni faida.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini mrija wenye matundu wa kuvikwa kwenye mdomo wa pampu, ambao wengi huununua kwa matumaini makubwa, wakati mwingine hausaidii kama ilivyotarajiwa. Mrija wenye matundu 12 ya milimita 3 una eneo la jumla la sentimita mraba 0.85 tu, karibu sawa na lile tundu moja la mwanzo, na maji bado yatatoka kwa kasi ya sentimita 65 kwa sekunde. Kinachouokoa ni kwamba vijito vyembamba huchoka haraka kuliko kijito kinene, kwa hiyo nguvu yake huisha mapema zaidi. Ukiyatoboa upya yawe 20 ya milimita 4, eneo hupanda hadi sentimita mraba 2.5 na kasi hushuka hadi kama sentimita 22. Mimi niliutoboa wangu kwa msumari uliopashwa moto kwenye jiko la gesi, kazi ambayo siipendekezi ifanywe na madirisha yakiwa yamefungwa. Kisha uelekeze matundu kwenye kioo cha nyuma, si kwenye uwazi wa tangi: maji yagonge kioo, yasambae, yarudi yakiwa yamelegea.

Upande wa kuingilia maji nao unatawaliwa na sheria ileile, ingawa husahaulika kwa kuwa hauna mkondo unaoonekana. Pampu inayotoa maji mengi inavuta mengi vilevile, na ikiyavuta kupitia mianya myembamba ya plastiki, pezi refu likipita karibu hunaswa na kuchanika. Sponji juu ya mdomo huo hutawanya mvuto, na zaidi ya hapo huwa makazi mengine ya bakteria. Kama una uwezo wa kununua kipande kimoja tu cha sponji leo, kianzie hapo.

Filta za aina tatu

Filta ya sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa ndiyo rahisi kuliko zote kwa tangi dogo, na kama mtu hajanunua chochote bado, ningemshauri aanzie nayo. Hewa inasukumwa chini kupitia kipira, yaani mrija mwembamba wa hewa, viputo vinapanda ndani ya mrija wa katikati na kuyabeba maji, na maji mengine yanaingia kupitia sponji yote kujaza nafasi. Kwa kuwa yanaingilia pande zote, mvuto wake ni hafifu mno kumdhuru samaki. Ubaya wake ni viputo vyenyewe vinapopasuka juu: vikiwa vikubwa na vingi huchafua uso wa maji wote na kuvunja kiota. Dawa yake ni kupunguza hewa, lakini usiibane pampu kwa kuukunja mpira au kuibana hewa kwa valvu yenye tundu moja tu la kutokea, maana utando wa ndani ya pampu utalazimika kusukuma dhidi ya kizuizi na utachakaa upesi. Weka valvu yenye matundu mawili ya kutokea na uiache hewa ya ziada itoke nje. Tena, kipande cha jiwe la hewa ndani ya mrija wa filta hugeuza viputo vikubwa kuwa vidogo, na kelele hupungua kiasi cha kumwezesha mtu anayelala chumba kimoja na tangi, kama wengi wetu wa nyumba za kupanga, kupata usingizi.

Filta ya ndani ya maji, kama ile iliyonitia matatani, huwa na kitufe cha kupunguza nguvu. Kitumie, kisha ongeza sponji kwenye mdomo kama ilivyoelezwa. Jambo moja la kuangalia ni kutobana upande wa kuingilia ili kupunguza nguvu, kwa kuwa pampu inayonyimwa maji hupata joto na kuanza kuguruma. Zuia kwenye kutokea, usizuie kwenye kuingilia, na sponji ya kuingilia iwe ya matundu makubwa.

Filta ya kuning'iniza nyuma ya tangi humwaga maji kama poromoko dogo, na hapo urefu wa poromoko ndio mpango mzima. Maji yanayoanguka sentimita 1 hufika chini na kasi ya sentimita 44 kwa sekunde. Yakianguka sentimita 4 kasi hiyo huongezeka maradufu. Katika miezi ya Januari na Februari, Nairobi ikiwa kavu, na hasa wiki ambazo mgao wa maji umetufanya tuone uchungu hata kujaza tangi la samaki, maji hupungua kwa kukauka bila mtu kutambua, na filta iliyokuwa ya upole mwezi uliopita inakuwa kali bila kuguswa. Weka alama kwenye kioo na ujaze hadi hapo kwa maji yaliyokwisha kuondolewa klorini. Chini ya poromoko unaweza kufunga nusu ya chupa ya plastiki iliyokatwa, ikalizuia na kuyapeleka maji kando kwenye ukuta wa kioo. Haipendezi kwa macho, nakubali, lakini mmea ukikua mbele yake utaisahau.

Kuhusu mimea: mizizi ya mimea inayoelea hufanya kazi ileile ya sponji, kwa kuwa mkondo unaopita ndani yake hugawanyika na kufa. Jani kubwa la mti wa mkungu lililokaushwa, ambalo mtu yeyote anayetoka Mombasa anaweza kukuokotea chini ya mti bila gharama, huwa kivuli na kitanda cha kupumzikia, mbali na kuyatia maji rangi ya chai ambayo beta huiafiki. Mimea ikizidi, itupe kwenye jaa au iwe mbolea ya bustani. Usiitupe mtoni wala kwenye bwawa. Ziwa Victoria na Naivasha yameshapata taabu ya kutosha kwa gugumaji.

Mambo ya Nairobi

Ushauri mwingi tunaousoma umeandikwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Nairobi iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,795, ambako shinikizo la hewa ni kama asilimia 80 tu ya lile la Mombasa, na oksijeni inayoyeyuka majini hupungua kwa kiwango hichohicho. Maji ya nyuzi 26 za Selsiasi yaliyojaa oksijeni huwa na takriban miligramu 8 kwa lita pwani, na 6 na nusu hapa kwetu. Beta mwenyewe hapati shida, kwa kuwa anavuta hewa juu. Bakteria wake hawana kiungo hicho. Kugeuza miligramu 1 ya nitrojeni ya amonia hadi nitrati huhitaji zaidi ya miligramu 4 za oksijeni, na oksijeni hiyo huingia kupitia uso wa maji unaotikisika. Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaotaka uso wa maji utulie kama kioo. Lengo ni mikunjo midogo upande mmoja wa tangi, pale mdomo wa filta ulipo, na utulivu upande wa pili ambako samaki atalala na kujenga kiota. Uso usiotikisika hata kidogo pia huota utando wa mafuta, na beta akipanda kupumua hukutana nao kwanza.

Sababu ya pili ni baridi. Beta anastawi kati ya nyuzi 24 na 28, na usiku wa Julai joto la nje hushuka hadi nyuzi 12 au chini ya hapo. Nyumba nyingi za Nairobi hazina chochote cha kupasha hewa joto, kwa hiyo hita katika tangi si anasa. Hita ikiwa kwenye kona isiyofikiwa na mkondo, huyapasha yale maji yaliyoizunguka, kipimajoto chake kikaridhika, ikajizima, ilhali upande wa pili wa tangi ni baridi kwa nyuzi kadhaa. Mkondo hafifu ukipita kwenye hita huyachanganya maji. Nilipomkuta beta wangu nyuma ya hita usiku ule, sehemu ya kosa ilikuwa hiyo: palikuwa ndipo mahali pekee penye joto na kinga kwa pamoja, na mimi nikasoma ishara moja nikaacha nyingine. Kifuniko nacho kisisahauliwe, kwanza kwa kuwa beta huruka, pili kwa kuwa hewa anayoivuta juu ya maji inapaswa kuwa ya uvuguvugu.

Halafu kuna stima kupotea. Pampu ya hewa iliyowekwa chini ya usawa wa maji inaweza kurudisha maji kupitia kipira hadi ndani yake, kisha sakafuni, mara tu inapozima. Valvu ndogo ya kuzuia maji kurudi, au kuipandisha pampu juu ya kabati, humaliza hatari hiyo. Filta ya kuning'iniza inaweza kushindwa kuvuta tena stima ikirudi, ikazunguka ikiwa kavu hadi kuungua, hivyo ikague badala ya kusubiri sauti yake. Sponji iliyo wazi ndani ya tangi huendelea kupata oksijeni kidogo kutoka kwa maji yanayoizunguka. Filta iliyofungwa kama boksi haina bahati hiyo: ikikaa saa nyingi bila mkondo, bakteria huanza kufa na maji yaliyomo kuoza, kwa hiyo yamwage kabla ya kuiwasha upya.

Kupima bila kifaa

Kidole hakifai kupimia, kama nilivyojifunza. Chukua kijiti cha mshikaki, funga kwenye ncha yake uzi wa pamba wa kushonea wenye urefu wa sentimita 5, uuloweshe, kisha uutumbukize sehemu mbalimbali za tangi, juu, katikati na chini. Mahali ambapo uzi unalala kama bendera ya siku ya upepo, beta wa mapezi marefu hawezi kukaa. Mahali unapoinama kidogo panamfaa. Mahali unaponing'inia wima bila kutikisika, kama pako karibu na hita au kwenye kona ya chini panapokusanya uchafu, panahitaji kupelekewa maji. Tangi zuri lina sehemu chache za aina ya kwanza, nyingi za aina ya pili na angalau moja ya aina ya tatu iliyo juu. Punje ya chakula inayoelea ni kipimo kingine: ikivuka tangi la sentimita 40 kwa sekunde 4, maji yanakimbia sentimita 10 kwa sekunde, na samaki wako atachoka kukifukuza chakula kabla hajakila.

Samaki mwenyewe atakuambia pia, ingawa lugha yake ina utata. Kukunja mapezi, kujificha nyuma ya vitu, kuogelea bila kupumzika na kusukumwa pembeni kila anapopanda juu ni dalili za mkondo. Lakini kukunja mapezi ni dalili ya baridi na ya amonia vilevile. Mkia uliochanika waweza kuwa kazi ya mdomo wa filta, kazi ya mapambo yenye ncha, au samaki mwenyewe kujing'ata, na ukingo wa pezi unaokuwa mweusi au wenye utando mweupe na kupungua siku hadi siku unaelekea zaidi kwenye ugonjwa wa kuoza mapezi. Njia ya haraka ya kutenganisha ni ile niliyoifanya bila kukusudia: zima filta kwa dakika 10 na umtazame. Akifunguka, ni mkondo. Asipofunguka, pima joto na amonia kabla ya kukata chupa yoyote.

Jambo la mwisho linawakuta hata waliokwisha kurekebisha kila kitu. Sponji huziba taratibu, na filta hupoteza nguvu siku hadi siku bila mtu kuona. Siku ya kuiosha, ambayo inapaswa kufanywa kwa kuikamua ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa tangini na si chini ya mfereji wenye klorini, nguvu yote hurudi kwa mkupuo mmoja, na samaki aliyekuwa mchangamfu kwa wiki tatu anajificha jioni hiyohiyo. Mwenye tangi hudhani ameharibu maji, akayabadilisha tena, akamtaabisha samaki mara ya pili. Kipimo cha uzi basi kifanywe muda mfupi baada ya kuosha sponji, wakati mkondo uko kwenye kilele chake. Kwenye kitufe cha pampu yangu nimechora alama mbili kwa kalamu ya wino usiofutika: nyekundu ya siku ya kuosha, na nyeusi, mbele yake kidogo, ya wiki ya tatu.